Somo: Ugumu wa Maji, KH na Utulivu wa pH katika Tangi la Samaki la Nyumbani

Wafugaji wengi wa samaki wa mapambo hapa Mombasa hununua kipimo cha pH, yaani cha ukali wa asidi au wa alkali majini, kabla ya kipimo kingine chochote, kisha huanza kupambana na nambari wanayoiona. Somo hili linashika msimamo tofauti. pH ni matokeo, na anayetaka itulie sharti aanze na kile kinachoishikilia, ambacho ni KH, yaani akiba ya kaboneti na bikaboneti inayozima asidi majini. Mwenye tangi ambalo KH yake inatosha na haiyumbi hana haja ya kuihangaikia pH, lakini yule ambaye KH yake imekwisha atamwaga dawa baada ya dawa na samaki wake wataendelea kufa.

Nimeyafuata maji tunayoyapata sisi, yaani ya bomba, ya kisima, ya mkokoteni na ya mvua, kwa sababu ushauri mwingi unaosambazwa uliandikwa na watu wa nchi zenye maji laini. Ushauri wao wa kuongeza hiki na kile hauna maana kwa mtu wa Majengo ambaye kisima chake kimechimbwa ndani ya mwamba wa matumbawe.

Hatua ya kwanza: kutenganisha GH, KH na pH

Ugumu wa jumla, unaoandikwa GH, ni kiasi cha kalsiamu na magnesiamu kilichoyeyuka majini. Madini haya mawili ndiyo yanayoifanya sabuni ikatae kutoa povu. Samaki huyahitaji kwa mifupa na kwa kusawazisha chumvi iliyomo mwilini mwao, na konokono huyahitaji ili maganda yao yasimomonyoke.

KH ni kiasi cha kaboneti na bikaboneti. Huitwa ugumu wa kaboneti, ingawa kazi yake hasa ni kuzima asidi. Asidi huzalishwa ndani ya tangi usiku na mchana: samaki wanapopumua hutoa kaboni dioksidi, ambayo ikiyeyuka majini huwa asidi dhaifu, na bakteria wa kwenye chujio wanapoigeuza amonia, ambayo ni taka ya samaki, kuwa naitreti huzalisha asidi iliyo kali zaidi. Bikaboneti huipokea asidi hii ya bakteria na kuizima, na kila inapoizima yenyewe hupungua. Kwa hiyo KH ni akiba inayotumika kila siku hata kama mwenye tangi hajagusa kitu.

pH nayo ni mizani ya kueleza ukali wa asidi au wa alkali, iliyoasisiwa mwaka 1909 na mkemia wa Denmark, Søren Sørensen, alipokuwa katika maabara ya Carlsberg mjini Copenhagen. Jambo la kushika ni kwamba kila hatua moja ya mizani hii ni mara kumi. Maji yaliyoshuka kutoka pH 8 hadi 7 yameongezeka asidi mara kumi, na yaliyoshuka kutoka 8 hadi 6 yameongezeka mara mia. Ndiyo sababu samaki aliyezoea pH 8.2 kwa maisha yake yote anaweza kuishi vizuri, ilhali samaki anayetoka 7 kwenda 8 na kurudi 7 kila siku hudhoofika.

GH na KH hupimwa kwa digrii, na digrii moja ni sawa na takriban miligramu 17.9 za kalsiamu kaboneti katika lita moja ya maji. Kama kipimo chako kinaonyesha ppm, yaani miligramu katika lita, gawanya kwa 17.9 upate digrii. Mara nyingi GH na KH hupanda pamoja kwa sababu mwamba wa chokaa ukiyeyuka hutoa kalsiamu na bikaboneti kwa wakati mmoja, lakini usiichukue hali hiyo kuwa sheria. Ziwa Tanganyika, kwa mfano, lina KH inayozidi GH yake, na mashine za kulainisha maji za majumbani huiondoa kalsiamu na kuweka sodiamu mahali pake, hivyo GH huporomoka na KH ikabaki kama ilivyokuwa.

Hatua ya pili: kuyajua maji yako yanakotoka

Kisiwa cha Mombasa na ukanda wa pwani unaokizunguka vimekaa juu ya matumbawe ya kale, mwamba uleule ambao wazee walikata mawe ya nyumba za Mji wa Kale na kuuchoma kupata chokaa, na ambao umechimbwa Bamburi kwa ajili ya saruji. Mvua inaponyesha huingia ardhini ikiwa na kaboni dioksidi, na maji hayo yenye asidi kidogo huuyeyusha mwamba polepole. Mtu anayeteka maji ya kisima cha aina hii atarajie GH na KH za juu na pH iliyozidi 7. Hilo si tatizo kwa samaki wengi. Ni hali tu inayopaswa kujulikana mapema.

Tatizo la visima vyetu ni jingine, nalo ni maji ya bahari kupenya, hasa kiangazi au pale visima vingi vinapovutwa kwa pampu katika mtaa mmoja. Chumvi ya bahari si ugumu. Maji yaliyoingiwa na bahari yanaweza kuwa na sodiamu nyingi, GH iliyopandishwa na magnesiamu ya baharini, na KH ambayo haikubadilika sana. Vile vipimo vidogo vya TDS vinavyofanana na kalamu haviwezi kukueleza tofauti hii, kwa kuwa hupima jumla ya vyote vilivyoyeyuka bila kubagua. Hata sabuni kukataa povu si ushahidi wa kutosha, maana chumvi nyingi nayo huizuia.

Maji ya bomba ya Mombasa hutoka sehemu kadhaa: chemchemi za Mzima kule Tsavo Magharibi, visima vya Baricho kandokando ya mto Sabaki, chemchemi ya Marere katika Shimba Hills, na visima vya Tiwi. Maji ya Mzima hupita ndani ya miamba ya volkano ya vilima vya Chyulu, ambayo ni tofauti kabisa na matumbawe yetu. Mitaa miwili iliyo jirani inaweza kupata maji ya tabia tofauti, na bomba lilelile linaweza kubadilika mgao unapobadilika. Muuza maji wa mkokoteni naye, hata awe mwaminifu namna gani, si rahisi akuhakikishie kwamba mitungi yote imejazwa mahali pamoja.

Maji ya mvua hayana GH wala KH ya kuhesabika, na pH yake hukaa karibu na 5.6 hata mahali pasipo moshi, kwa sababu ya kaboni dioksidi ya hewani peke yake. Yanafaa sana kwa kupunguzia ugumu, ila acha mvua za mwanzo zioshe paa kwanza, na uyaogope mabati mapya, kwa kuwa zinki inayoyeyuka katika maji laini huwadhuru samaki na zaidi kamba wadogo na konokono. Maji yaliyosafishwa kwa mashine, yanayouzwa katika maduka ya kujaza mitungi ya kunywa, kwa kawaida nayo yana KH ya chini, lakini wapo wanaoyaongezea madini, kwa hiyo pima kabla ya kuyaamini.

Jambo la mwisho katika hatua hii ni tangi la saruji lililojengwa chini ya nyumba. Saruji mpya hutoa chokaa ndani ya maji na inaweza kuipandisha pH kupita 9. Maji ya aina hiyo hayafai kwa samaki mpaka tangi lijazwe na kumwagwa mara kadhaa na vipimo vitulie.

Hatua ya tatu: kupima kwa utaratibu

Vipimo vya matone ni bora kuliko karatasi za kuchovya. Weka mililita 5 za maji katika kichupa, dondosha tone moja moja huku ukitikisa, na uhesabu mpaka rangi igeuke. Kwa vifaa vingi tone moja ni digrii moja. Ukitaka usahihi zaidi weka mililita 10, na kila tone litakuwa nusu digrii. Tazama karatasi ya maelezo ya kifaa chako kwa rangi zenyewe, kwa kuwa hutofautiana.

Pima maji ya chanzo mara tu yanapotoka, kisha uyaweke katika ndoo yenye jiwe la hewa kwa saa 24 na uyapime tena. Maji yanayotoka ardhini hubeba kaboni dioksidi iliyobanwa, hivyo pH inaweza kusomeka 7.2 yakiwa mapya na kufika 8.2 kesho yake baada ya hewa hiyo kutoka, huku KH ikiwa ileile. Wapo waliotupa mchanga na mawe ya thamani wakidhani ndiyo yaliyopandisha pH, kumbe maji yalikuwa yanarudi tu katika hali yake. Baada ya hapo pima tangi lenyewe alfajiri kabla taa haijawashwa, na tena jioni. Tofauti kati ya vipimo hivi viwili inafundisha zaidi ya kipimo kimoja kilichochukuliwa saa sita mchana.

Matokeo ya KH nayasoma hivi. Chini ya digrii 3 ni hali ya kuchunga, kwa sababu akiba ni ndogo na inaweza kuisha kabla hujatambua. Kati ya 4 na 8 ni mahali pazuri kwa tangi la mchanganyiko wa samaki wa kawaida. Juu ya 10, pH itakaa karibu na 8 na haitatikisika kwa urahisi. Anayejaribu kuishusha kwa dawa anapoteza fedha zake.

Hatua ya nne: kuvikagua vilivyomo ndani ya tangi

Chukua jiwe, mchanga au ganda unalotaka kulitumia, likaushe, na ulidondoshee siki kali. Likitoa mapovu, lina kaboneti na litapandisha GH na KH. Mchanga wetu wa ufukweni ni mchanganyiko wa vipande vya matumbawe, makombe na mchanga wa kawaida ulioletwa na mito, kwa hiyo sehemu moja hutoa mapovu mengi na nyingine machache. Mchanga wa mtoni kwa kawaida hunyamaza. Tafadhali msiende kuokota matumbawe wala makombe katika Hifadhi ya Bahari ya Mombasa, kwani sheria inakataza. Kokoto za matumbawe zinazouzwa kwa ujenzi hufanya kazi ileile, mradi zioshwe vizuri.

Majani makavu ya mkungu, ambayo yamejaa chini ya miti ya mitaa yetu, hutoa rangi ya chai na asidi dhaifu. Yanaweza kuishusha pH kidogo pale tu KH ilipo ndogo.

Hatua ya tano: kuchagua samaki wa maji uliyo nayo

Hapa ndipo fedha nyingi huokolewa. Moli, gapi, plati na mikia ya upanga hupenda maji magumu na hunawiri katika maji ya visima ambayo bahari haijayaharibu sana. Sikilidi wa Ziwa Malawi, ziwa ambalo pH yake ni kati ya 7.7 na 8.6, hukaa vizuri pia, na wale wa Tanganyika hutaka pH ya juu zaidi. Samaki wa dhahabu hana shida na ugumu wa wastani. Upande wa pili wako tetra wa neoni na diskasi, ambao asili yao ni mito ya Amazon yenye maji laini mno. Wengi wa wanaouzwa leo wamezaliwa katika matangi na huvumilia ugumu kiasi, lakini usitarajie diskasi atotoe katika maji ya GH 20.

Nikiri kwamba mimi binafsi sioni fahari ya kuhangaika mwaka mzima kuyageuza maji kwa ajili ya samaki wa Amazon, hali pwani ya Afrika Mashariki ina samaki wake. Nothobranchius guentheri wa Unguja, ambaye dume lake lina mkia mwekundu kama uliopakwa rangi, huishi katika vidimbwi vya msimu vinavyokauka, na mayai yake husubiri ndani ya matope mpaka mvua irudi.

Hatua ya sita: kupandisha au kupunguza

Kupandisha ni rahisi. Kwa KH peke yake tumia bikaboneti ya soda ya jikoni: gramu 3 katika lita 100 hupandisha KH kwa digrii moja. Iyeyushe kwanza katika kikombe cha maji na uimimine mahali penye mkondo, wala usizidishe digrii moja au mbili kwa siku. Hakikisha si bekingi poda ya kuumulia keki, kwa sababu hiyo imechanganywa na asidi. Kwa GH peke yake tumia chumvi ya haluli kutoka duka la dawa, gramu 4.4 katika lita 100 huongeza digrii moja, ingawa huongeza magnesiamu tu na si kalsiamu. Ukitaka vyote viwili vipande pamoja bila kupima kila mara, weka kokoto za matumbawe ndani ya mfuko wa wavu katika chujio. Huyeyuka maji yanapoelekea asidi na karibu huacha zenyewe pH inapokaribia 8, jambo linalozifanya kuwa salama kwa mtu mwenye shughuli nyingi.

Kupunguza kuna njia moja tu ninayoipendekeza, nayo ni kuchanganya na maji laini. Hesabu yake ni nyepesi: maji ya KH 14 na GH 18 yakichanganywa nusu kwa nusu na maji ya mvua huwa KH 7 na GH 9. Andaa mchanganyiko katika pipa la plastiki, upime, ndipo uutumie, na kila wiki uandae kwa kipimo kilekile.

Siki na ndimu ziache jikoni. Ukimimina siki, bikaboneti huizima na kutoa kaboni dioksidi, pH huporomoka kwa saa chache, kisha hewa hiyo ikitoka pH hupanda tena. Baada ya hapo bakteria hula mabaki ya siki, hunyonya oksijeni wakifanya hivyo, na hurudisha sehemu ya ile KH iliyopotea. Samaki wamepanda na kushuka ngazi mbili, na mwenye tangi amebaki palepale alipoanza.

Hatua ya saba: kuilinda akiba, na hatari ya tangi lililosahauliwa

Kila miligramu moja ya naitrojeni ya amonia inayogeuzwa na bakteria hula takriban miligramu 7.1 za alkali, zikihesabiwa kama kalsiamu kaboneti. Kwa lugha ya vipimo vyetu, naitreti ikiongezeka kwa miligramu 11 hivi katika lita, KH imeliwa digrii moja. Basi tangi lililoanza na KH 4 na kujazwa samaki wengi linaweza kuimaliza akiba yote wakati naitreti imeongezeka kwa miligramu 44 tu, kiwango ambacho wengi wetu tumekiona bila kushtuka.

KH ikiisha, pH huporomoka, na ikishuka chini ya 6.5 bakteria wa chujio huanza kulegea, na karibu na 6 hukaribia kusimama. Amonia hujikusanya, lakini samaki hawafi mara moja, na huo ndio mtego. Amonia ina sura mbili majini, amonia yenyewe iliyo sumu kali na amoniamu isiyo na madhara makubwa, na pH ndiyo inayoamua ni ipi itatawala. Kwa maji ya nyuzi 28, ambalo ni joto la kawaida la tangi la Mombasa lisilo na hita, katika pH 7 sehemu yenye sumu haifiki asilimia 1, katika pH 8 ni asilimia 6 na nusu hivi, katika 8.5 inakaribia 18. Sasa mwenye tangi aliyelisahau huona maji yamekuwa ya manjano, huona haya, hubadilisha nusu yake kwa maji ya kisima yenye pH 8.2, na kufikia jioni samaki wote wako juu wakitweta. Watu husema maji ya kisima yamewaua. Ukweli ni kwamba maji yale yaliigeuza sumu iliyokuwa imelala ikawa sumu iliyoamka.

Tangi la namna hiyo lirudishwe taratibu. Pima amonia kabla ya yote, punguza chakula, badilisha kiasi cha asilimia 10 kila siku, na uipandishe KH kidogo kidogo mpaka bakteria warudi kazini. Yupo samaki wa Kenya ambaye mwili wake umelitatua jambo hili kwa njia ya ajabu: Alcolapia grahami wa Ziwa Magadi huishi katika pH ya karibu 10, mahali ambapo haiwezekani kutoa amonia kwa njia ya kawaida, kwa hiyo hutoa urea badala yake. Samaki wako hawana uwezo huo.

Kwa matunzo ya kawaida, badilisha robo ya maji kila wiki na upime KH kabla ya kubadilisha. Maji yanayopungua kwa joto na kwa upepo wa feni yajazwe kwa maji ya mvua au yaliyosafishwa, kwa sababu kinachoondoka ni maji matupu na madini hubaki; ukijaza kila mara kwa maji ya kisima, GH itapanda mwezi baada ya mwezi bila wewe kuongeza chochote.

Maswali ya wanachama

Mwanachama wa Likoni: Assalaam aleikum Maalim. Kisima changu kina GH 22 na KH 15. Nimeweka majani mengi ya mkungu kwa ajili ya tetra wa neoni, maji yamekuwa mekundu kama chai ya rangi, lakini pH bado ni 8.1. Niongeze majani?

Jibu: Waaleikum salaam ndugu yangu. Usiongeze. Kwa KH 15, asidi ya majani humezwa yote na kinachobaki ni rangi. Ukitaka tetra, changanya sehemu moja ya maji ya kisima na sehemu tatu za maji ya mvua au yaliyosafishwa. Utapata GH ya kama 5 na nusu na KH isiyofika 4, na hapo majani yataanza kufanya kazi. Kumbuka utalazimika kuendelea na mchanganyiko huo daima, hata kiangazi mapipa ya mvua yakiwa matupu. Ukiona ni mzigo, tangi hilo lina kila sababu ya kuwa la moli.

Mwanafunzi wa Tudor: Shikamoo Maalim. Tangi langu lina mimea mingi. Asubuhi pH ni 6.9 na jioni ni 8.5. KH ni 2. Je, kipimo changu kimeharibika?

Jibu: Marahaba mwanangu. Kipimo ni kizima. Mchana mimea hunyonya kaboni dioksidi na pH hupanda. Usiku mimea na samaki wote hupumua, hewa hiyo hurudi na pH hushuka. Mimea kama valisneria, hewa hiyo ikiisha, huweza kuinyofoa hata kutoka kwenye bikaboneti yenyewe, na hapo pH hupaa zaidi. Ipandishe KH mpaka 4 au 5 kwa muda wa siku kadhaa, washa pampu ya hewa usiku, na upunguze saa za taa. Tofauti ya asubuhi na jioni ikibaki chini ya 0.5, usiihangaikie.

Mwanachama wa Kisauni: Mimi hupika kwa magadi ya mawe na ninayo tele. Naweza kuyatumia badala ya bikaboneti?

Jibu: Sikushauri, mama. Magadi ya mawe ni mchanganyiko wa kaboneti na bikaboneti ya sodiamu, na ile kaboneti huirusha pH juu ghafla kuliko bikaboneti peke yake. Isitoshe, magadi ya sokoni huwa na chumvi na uchafu wa kiasi usichokijua. Kipaketi cha bikaboneti safi ni bei ndogo kuliko samaki mmoja.

Mwanachama wa Changamwe: Maalim, samaki ninaoagizia Nairobi hufika wazima kwa basi la usiku, kisha hufa baada ya siku mbili tatu. Wa dukani hapa Mombasa hawafi. Kuna siri gani?

Jibu: Maji ya bomba ya Nairobi hutoka kwa sehemu kubwa katika mabwawa yanayopokea mito ya milimani na ni laini, kwa hiyo samaki hao wanahama kutoka GH ndogo kwenda GH kubwa kwa mara moja, na mwili wao hulazimika kusawazisha chumvi upya. Ndani ya mfuko nako usiku kucha kaboni dioksidi imejaa na pH imeshuka, jambo ambalo limewalinda dhidi ya amonia waliyoitoa. Ukifungua mfuko na kuanza kudondoshea maji ya tangi kwa saa mbili, hewa inatoka, pH inapanda, na amonia inakuwa kali wakiwa bado ndani yake. Dawa ni kuandaa mapema tangi dogo la mapokezi lenye maji laini yanayokaribia ya Nairobi, kuwalinganishia joto, kuwatoa kwa wavu na kuwaweka humo bila maji ya mfuko. Kisha uipandishe GH kwa wiki moja hivi kwa kubadilisha maji kidogo kidogo kwa yale ya tangi kuu.

Mwanachama wa Bamburi: Stima ikikatika usiku mzima, KH hupungua?

Jibu: Haipungui kwa kiasi cha kuonekana. Kinachoshuka ni pH, kwa sababu kaboni dioksidi haipati njia ya kutoka, na hurudi stima ikirudi. Hofu yako iwe oksijeni.

Mwanachama wa Nyali: Bahari iko mlangoni kwangu. Nikiongeza maji ya bahari kidogo, si nitapata KH ya bure?

Jibu: Utapata kidogo sana kwa gharama kubwa. Maji ya bahari yana KH ya takriban digrii 6 au 7 tu, ambayo pengine ni chini ya KH ya kisima chako, na pamoja nayo utaingiza kiasi cha gramu 35 za chumvi katika kila lita na magnesiamu nyingi mno. Ukichanganya lita 10 katika tangi la lita 100, GH itapanda kwa zaidi ya digrii 30 na KH haitasogea. Moli watavumilia. Mimea yako mingi haitavumilia, na sikilidi wala tetra usiwajaribie.